Kabla Hujanunua Dawa ya Fizi Kibera au Kawangware

Damu kwenye mswaki humpeleka mtu kwa kemisti kabla ya kumpeleka kwa daktari wa meno, na sababu inaeleweka. Kibera, kuanzia Makina hadi Laini Saba, na Kawangware, kuanzia Gatina hadi Congo, duka la dawa liko hatua chache tu kutoka mlangoni. Hufunguliwa mapema, hufungwa usiku, halina foleni ya nusu siku, na hukuuzia kwa kadiri ya pesa uliyo nayo mfukoni. Unaeleza kwamba fizi zinatoka damu na kinywa kinanuka. Unakatiwa tembe sita za Flagyl kwa makasi, pengine na kapsuli chache za amoksisilini juu yake, unatiliwa kwenye bahasha ndogo, unaenda zako. Siku ya tatu damu imepungua. Wiki chache baadaye imerudi, nawe umerudi pale pale dirishani.

Nakuandikia ili utoke kwenye mzunguko huo. Dawa za fizi zipo, na zikitumiwa panapostahili zinafanya kazi vizuri. Kinachowapotezea watu pesa, na hatimaye meno, ni zamu: dawa inatangulizwa mahali ilipopaswa kufuata. Kama una pesa kidogo ya kutumia kwa ajili ya fizi zako mwezi huu, sehemu kubwa yake iende kwenye kusafishwa meno na mtaalamu, kiasi kidogo kwenye dawa ya kusukutua, na tembe zisubiri mpaka mtu aliyekuangalia kinywani aseme unazihitaji.

Sababu ni hii. Ugonjwa wa fizi huanzishwa na utando laini wa bakteria unaojijenga kwenye jino, pale linapokutana na ufizi. Utando usipoondolewa huloweshwa na madini ya mate na kugeuka ugaga, ule uchafu mgumu wa manjano au kahawia ambao hata ukiukwangua kwa ukucha hautoki. Bakteria walio ndani ya utando wamejifunika, na dawa unayoimeza huwafikia kwa shida. Wachache hufa, walio chini hubaki, na kwa kuwa makao yao hayakuguswa, wanazaliana upya.

Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake katika chuo cha udaktari wa meno cha Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kupiga mswaki. Baada ya siku 10 hadi 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba na kutoka damu. Waliporudia kusafisha meno, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi, na hakuna aliyemeza tembe. Miaka ya 1980 watafiti wa Aarhus hiyo hiyo, wakishirikiana na taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, walipima watu zaidi ya 1,000 wa Machakos, wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Utando, ugaga na damu vilikuwa karibu kwa kila mtu. Lakini uharibifu wa ndani, ule wa kula mfupa mpaka jino lilegee, ulikuwa umejikusanya kwa wachache. Na uchunguzi wa afya ya kinywa wa Kenya nzima wa mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10.

Ukiyaweka hayo pamoja, utaona kwa nini tembe haiwezi kuwa jibu la kwanza. Karibu sisi sote tunatoka damu, na wengi wetu tunaweza kupona kwa kusafishwa na kusafisha. Walio katika hatari ya kweli ya kupoteza meno ni kundi dogo zaidi, nao ndio wanaohitaji kutafutwa, kupimwa na kutibiwa kwa undani. Kemisti aliye nyuma ya dirisha hawezi kutambua wewe ni wa kundi gani, kwa sababu hajakuangalia kinywani.

Pa kusafishwa

Ukiwa Kibera, Hospitali ya Mbagathi iko karibu, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta haiko mbali na hapo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali yake ya meno kando ya barabara ya Argwings Kodhek, ambako wanafunzi wa udaktari wa meno hutibu watu wakisimamiwa na walimu wao. Ukitoka Kawangware kwa matatu za 46, hiyo ndiyo njia yake. Huduma ya mwanafunzi huchukua muda mrefu kuliko ya kliniki ya kibinafsi, lakini kwa kazi ya fizi mwendo wa taratibu si hasara: kila jino linapimwa na kuandikwa. Kabla ya kulipa nauli, anza kuuliza kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, kama Riruta kwa watu wa Kawangware, kama kuna afisa wa afya ya kinywa na anakuja siku gani. Maafisa hao husomea chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, na kukwangua ugaga ni sehemu ya kazi yao.

Ukifika, sema unachotaka: unataka kusafishwa meno na kupimwa fizi. Nasisitiza hili kwa sababu katika kambi za matibabu za mwishoni mwa wiki, zile za viwanja vya shule na makanisa, kazi inayofanyika haraka ni kung'oa. Kung'oa jino linalouma kuna mahali pake. Jino linalotikisika kidogo kwa sababu ya ugaga, hata hivyo, mara nyingi laweza kuokolewa, na likishang'olewa halirudi. Usikubali ling'olewe kabla hujauliza kama kusafishwa kwa kina kunaweza kulisaidia.

Utasikia watu mtaani wakisema kusafishwa meno kunayalegeza. Elewa kinachotokea. Ugaga mwingi huziba nafasi kati ya meno na kuyashikanisha. Ukiondolewa, unaona mapengo yaliyokuwa yamefichwa na kuhisi ulegevu uliokuwepo tangu zamani, na kwa siku kadhaa maji baridi yanakuchoma kwa sababu mzizi umefunuliwa. Ufizi uliokuwa umevimba nao unanywea, hivyo jino linaonekana refu zaidi. Vumilia. Baada ya wiki chache ufizi hukaza na jino lililotikisika mara nyingi hutulia.

Ukirudi nyumbani, piga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa ya meno yenye floraidi, ukielekeza nyuzi kwenye mpaka wa jino na ufizi, pole pole, bila kusugua kama unayesugua sufuria. Maji ya kununua kwa jerikeni yasikuzuie: kikombe kimoja kinatosha, na baada ya kupiga mswaki tema povu bila kusukutua sana, floraidi ibaki kwenye meno. Mswaki wa mti, ule unaouzwa nje ya misikiti, ni kifaa halali kabisa. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake mwaka 1987. Kata ncha kila inapochakaa, na usisahau upande wa ndani wa meno. Mkaa na majivu viache, vinakwaruza. Na kama meno yako yana madoa ya kahawia yaliyokuwepo tangu utotoni, hayo huenda ni ya floraidi nyingi kwenye maji ya kisima, tatizo la maeneo mengi ya Nairobi na Bonde la Ufa. Hayahusiani na fizi, wala hakuna dawa ya fizi itakayoyaondoa.

Anayevuta sigara ajue kwamba moshi hubana mishipa ya damu ya ufizi. Fizi zake hazitoki damu sana, anadhani ziko salama, na huku mfupa unaliwa chini kwa chini. Huyo asisubiri damu ndipo aende.

Dawa ya kusukutua

Dawa yenye ushahidi mkubwa zaidi hapa ni klorheksidini. Kwenye chupa jina lake limeandikwa kwa Kiingereza, likianza na herufi C-H-L, na karibu yake kuna asilimia: 0.2 au 0.12. Ukikosa kuona jina hilo na asilimia hiyo, yaelekea unashika maji ya kunukisha kinywa tu, ambayo hayadhuru lakini si unachotafuta. Mwaka 1970 Löe yule yule, pamoja na Schiött, walionyesha kwamba kusukutua kwa klorheksidini ya asilimia 0.2 mara mbili kwa siku huzuia utando usijijenge hata kwa mtu asiyepiga mswaki. Ndiyo maana inafaa sana pale mswaki unapouma mno: baada ya kusafishwa kwa kina, baada ya upasuaji mdogo wa ufizi, au fizi zikiwa na vidonda.

Itumie hivi. Mililita 10 za ile ya asilimia 0.2, yaani vijiko viwili vya chai, zungusha kinywani dakika moja, tema. Asubuhi na usiku. Usimeze. Ukishapiga mswaki, subiri angalau nusu saa kabla ya kusukutua, kwa sababu kemikali ya povu iliyo kwenye dawa nyingi za meno huidhoofisha klorheksidini. Hilo watu wengi hawaambiwi, na wanatumia chupa nzima ikiwa imepungukiwa nguvu. Baada ya kusukutua kaa kwa muda bila kula wala kunywa, hasa chai ya rangi na kahawa, maana dawa hii huacha madoa ya kahawia kwenye meno na ulimi, na chai huyazidisha. Ladha ya chakula itabadilika kwa siku hizo. Yote mawili hupita. Madoa yakibaki, mtaalamu huyasugua.

Tumia wiki mbili, usizidishe nne bila kuambiwa. Dawa hii haiyeyushi ugaga wala haifiki chini kabisa ya mfuko mrefu wa ufizi, hivyo anayeitumia mwaka mzima bila kusafishwa anapaka rangi juu ya ukuta wenye nyufa. Kwa nadra sana kuna watu wenye mzio mkali nayo: ukiona vipele, uso kuvimba au pumzi kubana, acha mara moja na ukimbie hospitali.

Sasa sikiliza onyo hili. Klorheksidini inauzwa kwa sura nyingi. Ipo ndani ya Savlon, ambayo ni ya kusafisha vidonda vya ngozi na ina kemikali nyingine isiyofaa kinywani. Ipo pia kama jeli ya asilimia 7.1 ya kupaka kitovu cha mtoto mchanga, ambayo akina mama wa Kenya hupewa kwenye vituo vya afya. Hiyo ni kali mara nyingi zaidi ya ile ya kinywa. Usiichanganye na maji ukasukutua, wala usiiache ikaribie macho ya mtu yeyote.

Hujapata pesa ya chupa? Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, mara kadhaa kwa siku, hutuliza ufizi uliovimba. Mwenye shinikizo la damu ateme yote. Dawa ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa kwa kemisti nayo hutumika kwa siku chache kwa vidonda vya fizi, ikichanganywa na maji kiasi sawa kwa sawa. Ile ya saluni ya kubadilisha rangi ya nywele ina nguvu nyingine kabisa, isiguse kinywa.

Tembe na kapsuli

Metronidazoli, ambayo wengi tunaiita kwa jina la Flagyl, ina historia nzuri na fizi. Mwaka 1962 daktari Mwingereza aitwaye Shinn aliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu mgonjwa aliyekuwa akipewa dawa hiyo kwa maambukizi ya ukeni. Mama huyo alieleza kwamba vidonda vya fizi alivyokuwa navyo vimepona pia. Tangu hapo ikajulikana kwamba dawa hii huua bakteria wanaoishi pasipo na oksijeni, na mfuko wa ufizi ni mahali pa namna hiyo hasa.

Lakini ugonjwa aliokuwa nao mgonjwa wa Shinn una sura yake, na si damu ya kawaida ya asubuhi. Huja ghafla. Maumivu ni makali, damu inatoka yenyewe hata hujagusa, pumzi inanuka vibaya kupita kawaida, na vilele vya ufizi vilivyo kati ya meno vimeliwa kana kwamba vimekatwa, vikiwa na utando wa kijivu juu. Huwapata zaidi watu waliochoka, wasiolala, wasiokula vya kutosha, wanaovuta sigara, au wenye kinga iliyoshuka. Hapo metronidazoli inastahili. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku tatu hadi tano, pamoja na kusafishwa taratibu na kusukutua. Ukiwa na ugonjwa huu, usisubiri mwisho wa mwezi.

Siku za dawa hii usiguse pombe, iwe bia, busaa au chang'aa, na endelea kujizuia angalau siku mbili baada ya tembe ya mwisho. Kutapika, moyo kwenda mbio na kichwa kugonga ndiyo malipo ya asiyesikia. Ladha ya chuma kinywani na mkojo mweusi kidogo vinaweza kutokea, visikutishe. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu isigande amwambie daktari kwanza, maana metronidazoli huizidishia nguvu mpaka mtu akatokwa na damu ndani.

Amoksisilini hutolewa pale jipu la ufizi limeanza kusambaa: shavu limevimba, kuna homa, tezi za shingo zinauma. Hata hapo, kazi kubwa ni kutoa usaha. Jipu lisilofunguliwa hutulia kwa dawa na kuinuka tena. Kuna pia vijana, wengine bado hawajafika miaka 25, ambao mfupa wa meno yao unaliwa haraka kuliko ugaga wao unavyoonyesha. Meno ya mbele yanaachana au magego ya kwanza yanalegea. Hao daktari anaweza kuwapa amoksisilini na metronidazoli kwa pamoja, kwa kawaida siku saba, sambamba na kusafisha mizizi. Ushirika huo wa dawa mbili ndio unaoigwa mitaani kwa kila mtu mwenye damu kwenye mswaki, na kuiga huko ndiko kunakoniumiza zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu antibiotiki unasema waziwazi kwamba matatizo mengi ya meno hutibiwa kwa kazi ya mikono ya daktari wa meno, na dawa hizi hazihitajiki. Kila dozi ya bure inawafundisha bakteria walio mwilini mwako kuizoea, na siku mtoto wa nyumba hiyo atakapougua nimonia, amoksisilini hiyo hiyo ndiyo atakayoitegemea.

Kama penisilini yoyote iliwahi kukutoa vipele, kukuvimbisha uso au kukubana kifua, tamka hilo kabla mtu hajaandika chochote.

Doksisaiklini inaleta mkanganyiko. Kuna tiba ya miligramu 20 mara mbili kwa siku, kwa miezi kadhaa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Kwa kipimo hicho kidogo dawa haiui bakteria. Inazuia vimeng'enya vya mwili vinavyoyeyusha tishu za ufizi. Kapsuli za miligramu 100 zilizoko kwenye rafu ya kemisti ni kitu kingine, na kuzimeza kwa miezi si kuifuata tiba hiyo. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 8 wasipewe, kwa kuwa hutia madoa ya kudumu kwenye meno yanayokua. Zipo pia jeli na vipande vidogo vya dawa ambavyo daktari huvichomeka ndani ya mfuko wa ufizi. Ukipendekezewa, uliza kwanza kama mizizi imesafishwa.

Kwa maumivu, parasetamoli: tembe mbili za miligramu 500 kila baada ya saa sita, zisizidi 8 kwa siku. Ibuprofeni hupunguza na uvimbe, ila ni baada ya chakula, na wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito waiepuke. Soma pakiti za dawa za maumivu za dukani, kwa sababu nyingine zina parasetamoli au aspirini ndani na unaweza kuzidisha bila kujua. Kuweka aspirini juu ya ufizi unaouma ni kuuchoma: ngozi hubabuka ikawa nyeupe. Mafuta ya karafuu yanatia ganzi kweli, lakini ni tone moja kwenye pamba, na hayatibu kitu.

Dirishani kwa kemisti

Nenda na karatasi ya daktari, na ununue dozi yote kwa mara moja. Piga hesabu mwenyewe: miligramu 400 mara tatu kwa siku 5 ni tembe 15. Kama zilizopo ni za miligramu 200, utahitaji 30. Ukipewa sita, si dozi. Pesa ikipungua, heri umwambie daktari akupunguzie kilicho kwenye orodha kuliko kununua nusu ya kila kitu.

Omba uone karatasi ya tembe kabla haijakatwa, usome jina, nguvu na tarehe ya kuisha. Duka halali lina leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyobandikwa mahali pa kuonekana, na msimbo wa usalama mlangoni unaoweza kuuhakiki kwa ujumbe wa simu. Muuzaji mwema hataudhika ukiangalia. Mwambie dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba, na kama una mimba au unanyonyesha.

Dawa zako nyingine huenda ndizo chanzo

Hili linanigusa kwa sababu watu huteseka nalo miaka bila kuambiwa. Nifedipini na amlodipini, ambazo ni dawa za shinikizo la damu zinazotolewa kila siku kwenye kliniki zetu, pamoja na fenitoini ya kifafa, zinaweza kuufanya ufizi ukue na kuvimba mpaka ukafunika sehemu ya meno. Ufizi huo ni mgumu, umejikunja kwa vinundu kati ya meno, na metronidazoli haitaugusa. Usiache dawa ya presha au ya kifafa kwa uamuzi wako. Kiharusi na degedege ni hatari kuliko fizi. Safishwa meno kwanza, kwa sababu uvimbe huo huzidi palipo na utando, kisha mwombe daktari wa meno akuandikie barua umpelekee anayekutibu presha. Kuna dawa za jamii nyingine anazoweza kukubadilishia.

Mwenye kisukari ana sababu mbili za kutibiwa fizi. Sukari ikiwa juu, fizi huharibika upesi; na fizi zikitibiwa, kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu hushuka kidogo kwa namna inayopimika. Fizi zinazooza ghafla kwa mtu asiyejijua kuwa na kisukari ni sababu tosha ya kupima.

Mjamzito atatoka damu zaidi kwa ajili ya homoni, na anaweza kuota kinundu chekundu kwenye ufizi ambacho mara nyingi hunywea baada ya kujifungua. Kusafishwa meno ni salama kwake. Miezi ya kati ndiyo yenye nafuu ya kukaa kwenye kile kiti. Anayeishi na VVU aseme hivyo kwa daktari wa meno, na akiona madoa au uvimbe wa zambarau kwenye ufizi au kaakaa aende kliniki anakochukua ARV bila kuchelewa.

Na mtoto. Dawa ya kusukutua asipewe aliye chini ya miaka 6, ataimeza. Lakini mtoto aliyekonda, labda ametoka kuugua surua, akitokwa na kidonda cha ufizi chenye harufu kali na shavu likaanza kuvimba, huyo ni wa leo, si wa kesho. Inaweza kuwa mwanzo wa noma, ugonjwa unaokula uso kwa siku chache, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023. Ukiwahiwa mapema, amoksisilini, metronidazoli, kusafishwa kinywa na chakula humwokoa.

Kwa mtu mzima, dalili za kwenda Mbagathi au Kenyatta usiku ule ule ni hizi: uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, mdomo kushindwa kufunguka, mate kushindwa kumezwa, pumzi kubana, homa na kutetemeka. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili nacho kionekane na daktari, hata kama hakiumi.

Miezi mitatu hivi baada ya kusafishwa, rudi upimwe. Mtaalamu hupitisha kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi. Mfuko wa milimita 3 au pungufu, usiotoka damu, uko sawa. Wa 4 au 5 unahitaji usafi zaidi na pengine kukwanguliwa tena. Wa 6 na kuendelea ndio wa kuzungumzia matibabu ya kina, na hapo ndipo swali la dawa za kumeza linapofunguliwa upya. Omba namba hizo ziandikwe kwenye daftari lako la hospitali, jino kwa jino, ili atakayekuangalia safari ijayo aone kama zinashuka.